Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Mama Mfanyakazi na Saa za Malezi Nyanda za Juu Kusini

Nyanda za Juu Kusini zimezoeleka kuitwa ghala la chakula la Taifa, na zinastahili jina hilo. Mahindi ya Iringa, viazi mviringo vya Milima ya Uporoto, mpunga wa Kyela na Usangu, ndizi na maharage ya Rungwe, pamoja na maparachichi yanayozidi kupandwa mwaka hadi mwaka, hulisha miji ya mbali na kuvuka mipaka ya nchi. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyostahili. Hicho ndicho kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini, wakati wastani wa Taifa ni asilimia 30. Mkoa wa Mbeya, wenye asilimia 31.5, nao umeuzidi wastani huo.

Takwimu hizi zimejadiliwa katika vikao vingi, na mara nyingi mjadala huishia kwa kumlaumu mama: kwamba hajui kuandaa mlo, kwamba anauza maziwa na mayai kisha anampa mtoto chai ya rangi na kiporo. Makala haya yanakusudia kuutazama mkasa huu kwa upande mwingine. Pale ambapo chakula kipo, kinachokosekana kwa mtoto mdogo ni saa za mtu mzima mwenye nafasi ya kumlisha, kuzungumza naye na kucheza naye. Saa hizo zimeachwa juu ya mabega ya mama peke yake, ambaye ndiye pia mkulima, mchuuzi, mwalimu au muuguzi. Ndiyo maana malezi ya mtoto mdogo ni suala la haki katika familia na katika jamii, na haitoshi kulifanya somo la kumfundisha mama kila siku ya kliniki.

Tumbo dogo, siku ndefu

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto mwenye umri wa miezi 9 hadi 23 apewe chakula mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na asusa mara moja au mbili katikati, huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Ushauri huu ni rahisi kuuandika ubaoni. Kuutimiza kunahitaji mtu awepo nyumbani asubuhi, saa nne, mchana, alasiri na jioni. Mtu mwenye subira ya kumngoja mtoto anayetafuna polepole, anayegeuza uso, anayetema na kuanza upya.

Sasa tuitazame siku ya mama wa nyanda hizi. Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe huingia shambani mapema, na msimu wa mvua, ambao ndio wenye majani mengi, ndio pia msimu wa kulima na kupalilia shamba lake mwenyewe. Mchuuzi wa Soweto au Mwanjelwa jijini Mbeya hulazimika kuwahi mzigo kabla jua halijachomoza, katika baridi ambayo mwezi Juni na Julai humfanya hata mtu mzima asitamani kutoka kitandani. Muuguzi ana zamu ya usiku, na mwalimu ana madaftari ya kusahihisha baada ya vipindi. Wote hao wakirudi nyumbani wanakuta maji, kuni au mkaa, na sufuria vinawasubiri. Katika siku ya namna hii, mtoto hulishwa asubuhi na jioni. Katikati anapewa uji mwepesi ulioachwa kwenye chupa, tena na mtoto mwenzake aliyemzidi miaka michache tu.

Wataalamu wa lishe hutaja sababu nyingi za udumavu: mlo wa aina moja, maradhi ya mara kwa mara, maji na mazingira yasiyo safi, mimba za umri mdogo, na afya ya mama mwenyewe wakati wa ujauzito. Mzigo wa kazi wa mama ni sababu mojawapo tu katika orodha hiyo, lakini unazigusa karibu zote zilizobaki. Aliyechoka hapiki vyakula vya makundi mbalimbali. Asiye na ruhusa kazini humchelewesha mtoto mwenye homa kufika zahanati.

Saa hizo hizo zinazolisha mwili ndizo pia zinazolisha akili. Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa katika miaka mitatu ya kwanza, na hukua kwa kuitikiwa: mtoto ananyoosha kidole, mama anataja jina la kitu, mtoto anacheka, baba anacheka naye. Mtoto anayekaa siku nzima bila mtu wa kumwitikia hukosa chakula cha namna nyingine, ambacho mizani ya kliniki haikipimi.

Sheria inampa nini, na inampa nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anaporejea kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mapema mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Haya ni mambo mema, na inafaa kila mama ayafahamu.

Lakini tuhesabu. Siku 84 ni wiki 12, hazifiki miezi mitatu, ilhali mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ulinzi wa uzazi, wa mwaka 2000, unataja walau wiki 14. Zile saa mbili za kunyonyesha zina maana pale mtoto anapokuwa karibu. Mwalimu aliyepangiwa kijiji cha mbali na nyumbani, au mfanyakazi anayepanda daladala mbili kufika ofisini, hawezi kuzitumia kikamilifu. Baba naye anapewa na sheria hiyo siku tatu tu, kana kwamba yeye ni mgeni aliyekuja kutoa pongezi.

Zaidi ya hayo, sheria hii inamfikia mwenye mwajiri. Mama lishe wa Mlandege, mkulima wa viazi wa Uyole na kibarua wa msimu hawana wa kumwomba likizo. Siku asipokwenda sokoni hana mapato, kwa hiyo wengi hurudi kazini wiki chache baada ya kujifungua, mtoto akiwa mgongoni katika mbeleko. Mbeleko ni hekima kubwa ya mama zetu, kwa kuwa mtoto anasikia joto, sauti na mapigo ya moyo wa mama. Shida huanza anapojifunza kutembea. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hataki tena mgongo. Anataka kushuka, kushika na kuonja. Soko lenye matoroli, mafuta ya moto na mitaro iliyo wazi si mahali pake.

Mikono inayoziba pengo

Pengo hilo huzibwa na mikono ya wengine. Kwanza ni bibi, ambaye kwa wengi wetu ndiye mwalimu wa kwanza wa salamu, iwe ni kamwene ya Wahehe au ugonile ya Wanyakyusa. Pili ni dada mkubwa, ambaye pengine hukosa masomo ili amlee mdogo wake. Tatu ni binti wa kazi.

Hapa mkoa wa Iringa una jambo la pekee la kutafakari. Kwa miongo mingi mabinti wa vijiji vyake wamesafiri kwenda Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani. Maelfu ya watoto wa mijini wamefundishwa kutembea na kusema na mabinti hao, wengine wakiwa bado watoto wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inasisitiza haki yake ya elimu. Mama mfanyakazi anayemwachia mtoto wake binti wa miaka 13 anautua mzigo wake juu ya mtoto mwingine. Hata aliyefikisha umri wa kuajiriwa anastahili ujira wa haki, muda wa kupumzika, nafasi ya kusali na kuelekezwa kazi kwa heshima. Huwezi kudai upole kwa mwanao kutoka kwa mtu unayemfokea kila asubuhi.

Wapo pia wazazi walioona bweni kuwa jibu la ubize wao. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023 ulizuia huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wengi walilalamika wakati ule, na baadhi yao walikuwa na sababu zenye uzito. Hata hivyo, ujumbe wa waraka huo unabaki kuwa wa kweli: mtoto wa miaka mitano anahitaji kulala mahali ambapo anajulikana kwa jina lake la nyumbani.

Kanisa linafundisha nini?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unawatambua wazazi kuwa walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Tamko hilo linawataja wazazi wote wawili. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa hati mbili zinazogusa mada yetu. Katika Waraka juu ya Kazi ya Binadamu alifundisha kwamba ujira wa haki ni ule unaoitosha familia, na kwamba mpangilio wa kazi unapaswa kuheshimu mahitaji ya maisha ya nyumbani, ili mwanamke asilazimike kulipia maendeleo yake kwa kuitoa sadaka familia yake. Katika Wosia juu ya Familia alitambua haki ya wanawake kushiriki kazi na majukumu ya umma sawa na wanaume, akataka pia kazi ya nyumbani ithaminiwe kama kazi kweli.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupatia mfano usiotajwa mara nyingi. Katika sura ya pili ya Kitabu cha Kutoka, mama yake Musa anaitwa na binti Farao ili amnyonyeshe mtoto, naye analipwa ujira. Hapo mtoto, mama na kipato vinakaa pamoja, na mwokozi wa taifa analelewa. Hakuna aliyemwambia mama yule achague kimoja. Dada yake Musa alisimama kando ya mto akilinda, na hata mtu wa jumba la kifalme alitoa mchango wake. Mtoto mmoja aliokolewa na mikono ya wengi.

Kujifunza kabla ya shule

Serikali ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo inasimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Nguzo ya tano ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wazazi wengi husikia neno kujifunza wakafikiria sare, mkoba na ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mtoto wa miaka miwili hahitaji dawati. Anahitaji mtu anayezungumza naye wakati kazi zinaendelea, na hapa mama mwenye kazi nyingi anaweza kupata faraja: shughuli nyingi za kujifunza hazidai muda mpya, zinaingia ndani ya muda uliopo.

Wakati wa kumenya viazi, mtoto apewe vitatu avipange kutoka kikubwa hadi kidogo. Wakati wa kufua, ataje rangi za kitenge na kutafuta soksi iliyo pacha na nyingine. Vikombe vya plastiki vya ukubwa tofauti, vinavyoingia kimoja ndani ya kingine, humfundisha vipimo kuliko chati ya ukutani. Magunzi makavu hujengwa mnara, ukaanguka, ukajengwa tena. Njiani kutoka sokoni, ngazi za nyumba zihesabiwe kwa sauti. Usiku, mama akiwa amejilaza kwa uchovu, bado anaweza kuimba, kutega kitendawili au kusimulia hadithi ya sungura kwa dakika kumi, kisha wakafanya pamoja Ishara ya Msalaba. Lugha ya nyumbani isionewe aibu; mtoto anayesikia maneno mengi ya Kihehe, Kisafwa, Kinyakyusa au Kiswahili anajenga msingi ambao lugha ya shule itausimamia baadaye.

Yapo mambo ya kuangalia. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu huweka kila kitu mdomoni, kwa hiyo maharage, punje za mahindi na vifuniko vya chupa si vitu vya kuchezea. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya joto, hata katika baridi kali ya Julai, kwa maana hewa yake inaua. Na simu janja isigeuzwe yaya: Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kuhusu chakula, kijiko cha karanga zilizosagwa, yai, dagaa au kipande cha parachichi ndani ya uji mzito kina faida kuliko sufuria nzima ya uji mwepesi.

Baba yuko wapi?

Shughuli zote zilizotajwa hapo juu hazihitaji titi la mama. Baba anaweza kupanga viazi, kuhesabu ngazi na kusimulia hadithi. Sheria ya Mtoto inampa kila mzazi wajibu wa malezi, na Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Furaha ya Upendo wa mwaka 2016, alisikitika kwamba jamii nyingi zimekuwa kama zisizo na baba. Katika vijiji vyetu kuna wanaume waaminifu wanaobeba watoto wao hadi kliniki bila kujali kicheko cha majirani. Wapo pia ambao jioni yao huishia kilabuni, hasa msimu wa ulanzi, huku mama akirudi shambani na jembe begani na mtoto mgongoni. Umoja wa Wanaume Wakatoliki ungefanya jambo kubwa kama ungeweka ajenda ya malezi ya mtoto mdogo katika mikutano yake, na mwanamume mmoja akamshuhudia mwenzake kwamba saa moja ya kumlisha mtoto haimpunguzii mtu heshima.

Ukumbi uliofungwa siku sita

Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, alifungua Nyumba yake ya kwanza ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana. Watoto aliowapokea walikuwa wa familia za wafanyakazi. Wazazi walitoka alfajiri, na wadogo ambao hawajafikia umri wa shule walibaki peke yao wakichafua kuta za majengo. Njia ya malezi ambayo leo inatumiwa na shule nyingi za awali za masista nchini mwetu ilizaliwa kutokana na shida ile ile ya mama wa Mwanjelwa.

Tujiulize basi: ni kumbi ngapi za parokia na vigango katika Jimbo Kuu la Mbeya, na katika majimbo ya Iringa na Mafinga, zinazofungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, umbali mfupi kutoka sokoni? Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinahitaji kusajiliwa, kuwa na mlezi aliyeandaliwa, vyoo, maji, uzio na uji. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye mlango wa kuanzia. Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, wenye historia tangu mwaka 1972, wana nguvu ya kulisimamia jambo hili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Kituo cha malezi kinaweza kuwa mradi halali wa kikundi. Waajiri wakubwa wa mashamba na viwanda, na halmashauri zinazojenga masoko mapya, waulizwe waziwazi: chumba cha mtoto kiko wapi katika ramani hii?

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuanza hata kabla ya jengo kupatikana. Kaya kumi zinazosali pamoja zinajua ni mama gani amejifungua, nani hana bibi wa kumsaidia, na ni mtoto yupi anashinda peke yake. Zamu ya akina mama wawili kwa siku, wakiwalea watoto sita katika ua ulio salama, inawapa wengine wanne siku ya kazi yenye amani.

Programu ya Taifa ilipangwa hadi mwaka wa fedha 2025/26. Wakati Serikali na wadau wanaipima, nasi tujipime kwa kipimo chetu wenyewe. Jumapili hii, baada ya Misa, kila familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano na ikae ihesabu: kwa siku, mtoto wetu amelishwa mara ngapi, na nani, amezungumzishwa na nani, na kati ya saa hizo, ngapi zilikuwa za baba, ngapi za mama, ngapi za binti wa kazi, na ngapi za peke yake? Jibu la swali hilo la mwisho lipelekwe kwenye jumuiya, na jumuiya isiondoke hapo kabla haijapanga nani atakwenda kukaa na mtoto huyo Jumatatu.